Uzi: "Amekunywa nini?" Jibu liko kwenye chupa mliyoitupa

Zamu_ya_Usiku ameandika:

Wasee, habari zenu. Kuna sauti ambayo kila mtu aliyewahi kuishi mitaa ya Eastlands anaijua. Mkokoteni unapita polepole, spika imefungwa kwa raba juu ya boksi, na mtu aliyejirekodi miaka hiyo bado anaimba: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Nikiisikia nikiwa nimelala baada ya zamu, usingizi unakatika hapo hapo. Najua wiki haiishi kabla sijaletewa mtu aliyekunywa, aliyejipulizia au aliyelalia kitu kilichotoka kwenye mkokoteni kama huo, na mwenye kumleta hatakuwa na kipakiti mkononi.

Niko kasualti, yaani mapokezi ya dharura, ya hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Mimi ni afisa wa kliniki, ila mnaniita daktari na nimechoka kuwarekebisha.

Ukikaa mlangoni pale miaka kadhaa, unaanza kumtambua mgonjwa wa sumu kabla hajashushwa kwenye gari. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mchana, mama ana povu la sabuni mikononi: huyo ni mafuta ya taa au jik, ile ya kung'arisha nguo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, usiku, ameletwa na ndugu watatu ambao wote wanaangalia sakafu: dawa ya wadudu au vidonge. Wanaume wawili watatu waliokuwa wamekaa kibanda kimoja tangu jana, kila mmoja anasugua macho: pombe. Familia nzima pamoja na mgeni, mwezi wa saba, vichwa vinauma na wanatapika: jiko la makaa. Si sheria, nimewahi kuumbuliwa, lakini mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Wiki jana aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Shati limelowa, kidevu kinang'aa mafuta, ananuka stovu. Chupa ilikuwa ya soda ya machungwa, nusu lita, ileile aliyonunuliwa Jumapili. Soda ilipoisha mama akaisuuza akaenda nayo kupimiwa mafuta ya taa. Sasa mtoto amtofautishie mama yake vipi? Kwake ile ni soda imerudi. Jirani, kwa nia njema kabisa, akamnywesha maziwa ya pakiti, akamtia kidole kooni atapike. Mama anasema kabla ya hapo mtoto alikuwa analia tu. Baada ya kutapika ndipo alipoanza kukohoa, na alipofika kwetu mbavu zilikuwa zinazama kila akivuta pumzi.

Mafuta ya taa yakikaa tumboni si tatizo kubwa sana. Vita viko mapafuni. Ni mepesi kuliko maji na hayana uzito wa kunata, kwa hiyo tone dogo tu likipotea njia kwenye koo linasambaa kifuani lote na kuharibu ule utelezi unaoyazuia mapafu kushikana. Kila akitapika yanapita tena pale pale kwenye njia panda. Ndiyo maana hatumtapishi, na hatumtii mpira wa kusafisha tumbo hata mkituomba kwa machozi. Anakaa kwetu angalau saa sita tukimsikiliza kifua. Huyu alihitaji oksijeni na akaenda nyumbani siku ya nne.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Nairobi tunanunua kwa kupima. Mafuta ya kupima, jik ya kupima, sabuni ya maji ya kupima, dawa ya mende ya kupima. Sina ubaya na hilo, na mimi nimelelewa kwa unga wa kupima. Lakini kitu kikishapimwa kinaachana na lebo yake, na mimi saa nane usiku ninatibu lebo. Nikikosa lebo nabaki kunusa shati la mtu.

Mama_wa_Kayole:

Daktari asante, lakini hapo kwa maziwa umenigonga. Sisi tumekuzwa hivyo. Shosho yangu alikuwa anasema maziwa yanafunga sumu. Kama si maziwa ni mayai mabichi, kama si mayai ni maji ya chumvi. Sasa unataka tukae tuangalie mtoi?

Zamu_ya_Usiku:

Mama, simlaumu shosho. Alikuwa mbali na hospitali na alitaka kufanya kitu. Shida ni kwamba maziwa hayafungi chochote, yanajaza tumbo na tumbo likijaa mtoto anatapika. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, yanaweza kumpandishia chumvi ya damu mtoto mdogo hadi apate degedege. Na mtu aliyekunywa kitu kinachochoma, kama dawa ya kufungua mabomba ya choo, ukimtapisha koo linaungua mara ya pili.

Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa maana mafuta yanaunguza ngozi, mkalishe, usimpe kitu, mbebe mje. Na hiyo chupa. Ukisahau viatu sawa, chupa usisahau.

Kuna mama alikuja na mtoto mgongoni na chupa mdomoni ameing'ata kwa kifuniko, maana mikono ilikuwa na mtoto mwingine. Nilitamani kumpa cheti.

Kibe_wa_Roysambu:

Na ule unga mweusi wa makaa mnaotoaga hospitali? Si mtu anaweza kusaga tu ya jiko?

Zamu_ya_Usiku:

Usijaribu. Ule umetengenezwa uwe na matundu madogo madogo yanayonasa sumu, makaa ya jiko hayana kazi hiyo. Na hata ule wetu unafaa zaidi saa ya kwanza, na hauna kazi kwa pombe, mafuta ya taa wala asidi. Tena lazima mtu awe macho vizuri, la sivyo unaingia mapafuni.

Fundi_Dandora:

Kiongozi naomba kuuliza. Jana jioni nilipuliza dawa ya kunguni kwa nyumba. Nilinunua kwa huyo huyo wa spika, alinimiminia kwa chupa ya maji. Nikafunga mlango na dirisha nusu saa, kisha nikaingia nikalala kwa sababu asubuhi nilikuwa na kazi. Leo kichwa kinaniuma, macho yanatoa machozi, mate mengi, na nimeenda choo mara nne. Nilidhani ni samosa. Saa hii niko kitandani. Ni hiyo dawa ama?

Zamu_ya_Usiku:

Fundi TOKA hapo kitandani sasa hivi. Toka nje ya nyumba. Vua hizo nguo ulizolala nazo, ziache kwa ndoo nje, oga kwa sabuni na maji mengi, kichwa pia, vaa nguo ambazo hazikuwa chumba hicho. Usiende peke yako, mwambie jirani akupeleke hospitali iliyo karibu, na usipande boda ukiwa na kizunguzungu. Bebeni chupa, mmeifunga ndani ya karatasi ya nailoni. Kifua kikianza kubana kabla hujafika, mwambie aliye nawe akukimbize.

Tuandikie ukifika.

Agroveti_Kangemi:

Mimi nina duka la agroveti, nina leseni ukutani, na mnatuharibia jina. Dawa za mashamba na mifugo zinasajiliwa na bodi ya serikali ya dawa za wadudu, ile PCPB, na duka pia linakaguliwa. Kila kopo lina lebo: jina la sumu yenyewe, namna ya kuchanganya, na chini kabisa mstari wa rangi. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kijani ndiyo nafuu. Mtu anapita dukani kwangu kwa sababu kopo zima ni bei, anaenda kwa mtu wa mkokoteni anayemwekea kifuniko kimoja. Halafu hiyo dawa ni ya kupe wa ng'ombe, si ya kitanda chako!

Zamu_ya_Usiku:

Nakubaliana nawe, na umenifungulia mlango. Wengi hawajui kwamba "dawa ya panya" si kitu kimoja. Nimekutana na angalau aina tatu zinazouzwa kwa jina hilo. Moja huzuia damu kuganda, mtu anakuwa mzima kabisa siku mbili tatu halafu fizi zinaanza kuvuja damu, huyo tunampa vitamini K. Ya pili ni ya ukoo mmoja na dawa za wadudu, inakuja na mate na jasho. Ya tatu ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi, na hapo kazi ni nyingine kabisa. Ndugu ananiambia "ni dawa ya panya daktari", ananiangalia kama amenipa jibu.

Na hiyo ya kupe uliyoitaja. Kuna moja inayotumika sana kuogesha ng'ombe: mtu analala usingizi mzito, moyo unaenda polepole, mboni za macho zinaweza kuwa ndogo. Ukimwangalia haraka unafikiri ni dawa za wadudu za kawaida, unaanza kummiminia sindano ambayo pengine haimhusu.

Hizi dawa za wadudu za kundi la ogano-fosfeti niwaeleze kidogo, maana ndiyo hofu yangu kwa Fundi. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Hizi dawa zinakifunga. Sasa ujumbe hauzimiki: mate yanatiririka, machozi, jasho, tumbo linaharisha, mboni zinakuwa kama ncha ya kalamu, misuli inachezacheza chini ya ngozi, na mapafu yanajaa maji yake yenyewe. Dawa yake ni atropini. Hatutoi moja tukaenda kunywa chai. Unatoa, unasubiri dakika tano, unasikiliza kifua, kama bado kinabwabwaja unatoa maradufu, tena dakika tano, maradufu. Kuna usiku nilivunja vichupa hadi kidole gumba kikapasuka, na sista akanifunga plasta mdomo wake ukihesabu mapigo. Unajuaje imetosha? Kifua kimekauka, moyo umechangamka, na unatia kidole kwapani mwa mgonjwa. Kwapa likiwa kavu, unaweza kukaa. Ukizidisha anaanza kuchuma vitu hewani ambavyo haviko, anatukana kila mtu, na mkojo unakataa kutoka.

Halafu sisi tunaomhudumia tunavaa glavu, kwa sababu iko kwenye nguo zake, nywele, matapishi.

Otis_Umoja:

Hata sukuma wiki tunazokula zimepulizwa hizo hizo. Hii serikali...

Zamu_ya_Usiku:

Hilo ni kweli linahitaji uzi wake. Hapa naongea ya mtu anayefika akiwa hawezi kuongea.

Wakili_Kando:

Hujagusa jambo moja na naona unalizunguka. Wengi wa hao vijana wa usiku hawakukosea chupa.

Zamu_ya_Usiku:

Ni kweli, nilikuwa nalizunguka.

Wakubwa wengi wanaofika na dawa za wadudu au vidonge walikusudia. Na nikizungumza nao kesho yake, karibu wote wananiambia habari ya saa moja au chini ya hapo. Ugomvi, simu, matokeo, deni la mkopo wa simu. Sitaki kusema ni jambo dogo, ila lilikuwa jambo la jioni ile, na kitu kilikuwa chini ya kitanda. Sri Lanka waligundua hili kabla yetu. Kuanzia miaka ya 1990 walipiga marufuku dawa kali za mashamba moja baada ya nyingine, na katika miaka ishirini hivi kiwango cha watu wanaojiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Watu hawakuacha kuwa na jioni mbaya. Kitu kikali kilikuwa hakiko karibu.

Kwangu mimi pale mlangoni shida ni ukimya. Ndugu wanasema "tumbo linamuuma tangu mchana". Wanaogopa aibu, na walikuwa wanaogopa polisi.

Wakili_Kando:

Walikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mtu anatoka wodini anaingia seli. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Watu mitaani hawajasikia habari hiyo.

Zamu_ya_Usiku:

Basi wasikie hapa. Niambieni ukweli, sina pingu mfukoni. Na wewe unayesoma hii ukiwa na hiyo jioni yako, piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu na haitozwi pesa. Ama mtumie mtu mmoja ujumbe umwambie aje akae nawe. Ama njoo tu kasualti kabla ya chochote, useme hivyo hivyo ulivyo. Hujamsumbua mtu.

Neno kwa waliomeza vidonge vya maumivu, vile vya paracetamol ambavyo viko kila kioski: siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia vizuri kabisa, familia ikamrudisha nyumbani ikishukuru Mungu. Ini linaanza kulalamika siku ya pili, ya tatu. Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri sana ikianza ndani ya saa nane tangu kumeza. Usingoje augue ndipo mje.

Mpwani_Jijini:

Jamani daktari, na hii ya macho kwenye pombe ni vipi? Mimi nilikuja Nairobi 1999, nikapanga Mukuru. Novemba 2000 nakumbuka kama jana. Kumi kumi, ile pombe haramu. Watu walikunywa jioni, kesho yake mtu anatoka nje saa nne ya asubuhi anauliza mbona hakujapambazuka. Walikufa zaidi ya mia. Kuna fundi viatu nilikuwa nikimsalimu, alipona lakini hakuona tena hadi alipohama.

Zamu_ya_Usiku:

Pole mzee wangu. Umeeleza vizuri kuliko kitabu.

Hiyo ni methanoli. Yenyewe ukiinywa inalewesha kidogo tu, kama pombe yoyote. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo inakula mshipa wa jicho. Kwa hiyo kuna ule muda wa katikati, saa kumi na mbili, hata siku nzima, mtu anadhani ni hangova ya kawaida. Wengine wanasema wanaona kama theluji kwenye televisheni isiyo na stesheni. Ukisikia mtu anasema hivyo baada ya kunywa, usimpe supu, mlete, na walete wote aliokunywa nao hata wanaocheka.

Sasa mtashangaa matibabu. Kama dawa maalumu haipo, tunampa pombe. Pombe halali, kwa kipimo, kwa mpira wa puani. Ini linaipenda pombe ya kawaida kuliko methanoli, linashughulika nayo, na methanoli inakaa bila kugeuzwa tukipata nafasi ya kumwosha damu kwa mashine. Nilishawahi kumwona mke wa mgonjwa akimshuhudia sista anapima pombe kali kwa bomba la sindano. Alisema, "Kumbe angekaa nyumbani." Wodi nzima ilicheka, na yeye pia.

Shiru_K:

Na jiko? Ulisema familia nzima halafu ukanyamaza. Huku kwetu kuko baridi hatari.

Zamu_ya_Usiku:

Hiyo haina chupa wala lebo, ndiyo maana nimeiacha nyuma. Haina harufu. Moshi umeisha, makaa yamekuwa mekundu mazuri, mnayaingiza ndani mnafunga mlango, na hapo ndipo ilipo. Kaboni monoksidi inashika damu mahali pa oksijeni na haiachi kirahisi: ukipumua hewa ya kawaida inachukua saa nne au tano kupungua nusu, ukiwekewa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Kuna mwaka, mwezi wa Julai, ililetwa familia ya watu watano, wote wanatapika. Tukasema githeri. Nikaweka kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, kikasema 99. Nikatulia. Aliyeniamsha ni bibi mmoja wa usafi, akauliza, "Mbona huyu mdogo anatapika na bado ananyonya tu, githeri alikulia wapi?" Kile kidude hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hiyo gesi, zote kinaziona nyekundu. Tangu siku hiyo nauliza jiko kabla ya chakula. Dirisha la upana wa kiganja halitoshi, Shiru. Liache nje.

Fundi_Dandora:

Wasee niko hai. Nimeandika kwa simu ya jirani, yangu imeisha chaji. Nilifika, wakaniuliza nimepuliza nini, nikawapa chupa. Daktari akaifungua mbali na uso, akanusa hewa kwa mkono, akaniuliza inaitwaje. Nikamwambia "dawa ya kunguni". Akanyamaza. Wamenichoma sindano mara mbili, mdomo umekauka kama nimetafuna unga wa ugali, lakini kichwa kimetulia na mate yameisha. Wananiweka hadi kesho.

Mama_wa_Kayole:

Asifiwe Mungu. Fundi usirudi kwa hiyo nyumba kabla haijapigwa hewa. Na godoro litoe nje.

Zamu_ya_Usiku:

Vizuri sana. Blanketi zifuliwe pia, na anayezifua avae glavu. Fundi, hebu mtume mtu kwa huyo wa spika amuulize kopo alilomimina lilikuwa limeandikwa nini. Atupigie picha ya lebo, umwonyeshe daktari wako kabla ya asubuhi.

Fundi_Dandora:

Nimemtuma keateka wa nyumba yetu, amempata huyo wa spika stejini. Anasema hana kopo. Yeye pia hununuaga kwa kupima.